Gitaa la Kale na Gitaa la Leo

Chombo cha muziki kina umri wa namna mbili. Kuna umri wa mti na chuma, ambao huhesabiwa kwa miaka; na kuna umri wa ufundi, ambao huhesabiwa kwa mikono iliyokishika chombo hicho, ikakifungua, ikakikaza na kukilegeza hata kikatii. Umri wa kwanza hauna fahari, maana hata jiwe la njiani linao. Umri wa pili ndio wenye thamani, kwa kuwa haupatikani ila kwa kazi. Watu wabishanapo juu ya gitaa la umeme, kama la kale ni bora kuliko la leo au la leo ni bora kuliko la kale, aghalabu hubishana juu ya umri wa kwanza na kuusahau wa pili.

Ubishi huo umeenea duniani. Katika miji ya Marekani, Uingereza na Japani yako magitaa yaliyoundwa miaka ya 1950 ambayo huuzwa kwa bei ya nyumba. Viko na viwanda vinavyounda magitaa mapya, kisha vikayakwaruza rangi na kuyatia kutu kwa makusudi, ili mnunuzi apate uchakavu asioufanyia kazi. Lakini ubishi huo ukifika Didia hubadilika sura. Didia ni kata ya wilaya ya Shinyanga, katika nchi ya Wasukuma. Nchi ya pamba, mpunga, dengu na ng'ombe, ambako Wasalesiani wa Don Bosco wamejenga shule, na ambako vijana wengi hutazama upande wa Kahama na Geita kwenye dhahabu wakitafuta riziki. Hapo swali si gitaa gani lina bei kubwa. Swali ni gitaa gani litalia Jumamosi jioni arusini, na likiharibika Jumamosi hiyo hiyo, nani atalitengeneza.

Sauti ya uzi si ngeni katika nchi hiyo. Kabla ya gitaa walikuwako wapiga ndono, upinde wa uzi uliofungwa kibuyu, ambao hugongwa kwa kijiti huku mpigaji akikisogeza kibuyu kifuani na kukiondoa ili sauti ifumbe na ifumbuke. Mpiga ndono alichagua kibuyu chake mwenyewe, akaupinda mti wake, na uzi ulipolegea aliukaza. Na katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya Wasukuma vyenye asili katika karne ya 19, hakimu alikuwa ni umati wenyewe: kundi lililovuta watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Basi mpigaji alikuwa fundi wa chombo chake, na watu walikuwa mahakimu wa sauti yake. Mizani hii ilikuwako kabla ya umeme, na hapana sababu ya kuitupa umeme ulipofika.

Gitaa la umeme lenyewe ni kijana. La kwanza kuuzwa kwa watu lilitoka kwa Rickenbacker huko California mwaka 1932. Mwaka 1936 Gibson walitoa la kwao, lenye tumbo wazi kama magitaa ya zamani. Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1950, mtu aitwaye Leo Fender, wa mji wa Fullerton, alipotoa gitaa la ubao mtupu usio na tumbo, ambalo tangu 1951 limeitwa Telecaster. Mtu huyu hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi wa redio, aliyefungua duka lake la kutengenezea redio mwaka 1938, na alilitazama gitaa kama fundi redio aitazamavyo redio: kitu kitakachoharibika siku moja, kwa hiyo lazima kifunguke. Shingo aliifunga mwilini kwa skrubu nne. Waya zote aliziweka chini ya bamba linaloondolewa kwa bisibisi. Kila uzi au kila jozi ya nyuzi iliwekewa skrubu za kuupandisha na kuushusha. Mwaka 1954 alifuatisha Stratocaster, na umbo hilo limeigwa na viwanda vya mataifa yote.

Wenzake wa Gibson walishika njia nyingine. Gitaa lao la Les Paul la mwaka 1952 lilikuwa na shingo iliyogundishwa kwa gundi kama samani bora, na uso uliochongwa mviringo. Hata urefu wa uzi haukulingana: wa Fender ni milimita 648 kutoka kichwani hadi darajani, na wa Gibson ni kiasi cha 628. Milimita ishirini si kitu kwa mpimaji wa shamba, lakini kwa kidole ni jambo kubwa. Uzi mrefu hukaza zaidi na sauti yake hukatika wazi. Uzi mfupi hulegea chini ya kidole na sauti yake hujaa. Hivyo, tangu mwanzo, gitaa la umeme halikuwa na sura moja iliyo sahihi. Lilikuwa na majibu mawili kwa mikono miwili tofauti.

Na ndani yake hamna uchawi. Chini ya nyuzi kuna sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku huzaa mkondo mdogo wa umeme katika waya ule, nao mkondo hupita hata kwenye amplifaya ukawa sauti. Shaba ile na kobalti iliyomo katika sumaku nyingi za namna hiyo ni madini ya Katanga, nchi ya Mwenda wa Bayeke, ambaye mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi akipiga gitaa kavu kwa kidole gumba na cha shahada, na vijana wa Afrika Mashariki wakajifunza kwake. Dhahabu kama ya Geita hupakwa kwenye ncha za plagi zilizo bora, kwa kuwa dhahabu haishiki kutu. Mtu wa Kanda ya Ziwa alifunguapo gitaa huona vitu ambavyo ardhi ya jirani yake huvitoa. Alichonyimwa ni mafunzo ya kuviunganisha, na mafunzo hayo yanaweza kupatikana.

Tanganyika, na kisha Tanzania, ililipokea gitaa la umeme kwa namna yake. Bendi za dansi zilitaka magitaa mawili au matatu yanayosemezana juu ya besi: rithimu ikishika mwendo, solo ikiimba, na katika bendi nyingi solo ya pili ikijibu katikati. Ndivyo zilivyosikika bendi za Tabora na Morogoro, na ndivyo Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, alivyojipatia jina kwa gitaa la solo. Kazi hizo mbili hazitaki chombo kimoja. Mpiga rithimu hupiga nyuzi nyingi kwa nguvu usiku kucha. Hupenda nyuzi nene zilizoinuka juu ya shingo, zisije zikagonga chuma na kukoroma. Mpiga solo hukimbia na uzi mmoja mmoja. Hupenda nyuzi nyembamba zilizolala chini, zisimchoshe vidole. Miaka ya 1950 mpigaji hakuwa na uchaguzi mkubwa, kwani nyuzi zilizouzwa zilikuwa nene, wa kwanza ukifika milimita 0.30 hivi. Mwaka 1962 ndipo Ernie Ball wa California alipoanza kuuza seti nyepesi, uzi wa kwanza ukiwa wa milimita 0.25, na mikono ya dunia ikabadilika.

Kuna jambo jingine ambalo wasifuo vya kale huko ng'ambo hawalijui. Mpiga gitaa wa Tanzania, kwa kawaida, hakumiliki gitaa. Bendi nyingi kubwa zilikuwa za taasisi: Nuta Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya mwaka 1970 ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya mwaka 1971 ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama kilichotawala. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mpigaji akihama bendi aliondoka na vidole vyake tu. Kwa hiyo sauti yake hakuiweka katika chombo, aliiweka katika marekebisho: urefu wa nyuzi, unene wake, mahali pa kupigia, na namna ya kuzipatanisha. Wanamuziki wa Kongo walionyesha mbali zaidi. Waliondoa uzi wa nne, wakatia mahali pake uzi mwembamba wenye sauti ile ile lakini juu zaidi kwa oktava moja, na gitaa la kawaida likawa chombo kipya ambacho rithimu yake hung'aa kama matone ya mvua juu ya bati. Waliliita mi-composé. Hawakununua gitaa jipya. Walibadili uzi mmoja.

Kisha ikaja dhiki. Baada ya vita vya Kagera vya miaka ya 1978 na 1979 fedha za kigeni ziliadimika, na bidhaa zilizotoka nje, nyuzi za gitaa zikiwamo, zikawa haba madukani. Uzi uliokwisha kufa sauti ulichemshwa majini utoke jasho na uchafu wa vidole, ukarudishwa kazini. Waya wa breki ya baiskeli ulifumuliwa, unyuzi mmoja ukafungwa kwenye gitaa la kujitengenezea. Penseli ilifungwa kwa uzi kukingama shingo ikawa kapo. Hayo si mambo ya kuyaonea haya, wala si ya kuyatamani yarudi. Ni ushahidi kwamba chombo kinachofunguka huweza kuvuka njaa pamoja na mwenyewe.

Mfano mmoja wa Didia utalieleza jambo hili. Mzee mmoja alipiga rithimu kwa zaidi ya miaka kumi katika bendi ya mji mmoja wa magharibi. Bendi ilipovunjika, katika miaka ya 1980, mwajiri hakuwa na mishahara ya kulipa. Kila mmoja alipewa chombo chakavu badala ya ujira wake. Mzee akarudi nyumbani na gitaa la Kijapani, katika yale yaliyouzwa sana duniani miaka ya 1960, lenye skrubu nne na sumaku mbili. Si gitaa la kutajwa katika minada. Lakini ndilo kiinua mgongo chake.

Mpwa wake, kijana apigaye solo katika arusi na kwaya, alikuja na shauri. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alilitaka gitaa lile kwa ajili ya ukale wake, akaahidi kutoa badala yake gitaa jipya la rangi nyeusi, lenye daraja linaloelea na nyuzi zinazofungwa kwa kufuli. Kwa gitaa hilo kijana alitumaini kupata kazi katika kumbi za Katoro na Geita, ambako wachimbaji hutoa fedha. Alikuwa na mke na mtoto. Hayakuwa mashauri ya mchezo.

"Mjomba," akasema, "hili la kwako linanguruma kuliko jenereta yenyewe. Juzi padri alishindwa kusema."

"Najua linanguruma, mwanangu. Nenda kaliazime hilo jeusi, ulipige arusi moja, kisha rudi tuzungumze."

Kijana aliliazima, na kwa saa mbili lilimtumikia kama malaika. Nyuzi zililala chini, shingo ilikuwa nyembamba, na ngurumo haikusikika. Kisha uzi mmoja ukakatika. Daraja la namna hiyo, ambalo Floyd Rose alilipatia hataza mwaka 1979, husimama kwa mizani kati ya nguvu za nyuzi upande mmoja na springi upande wa pili. Uzi mmoja ukikatika, springi hushinda, na nyuzi zote zilizobaki hupanda sauti kwa mara moja. Ili kuzipatanisha upya yahitajika ufunguo wa pembe sita, na ufunguo ulibaki mjini. Arusi ilimalizika kwa kinanda.

Aliporudi, mjomba wake hakumcheka. Alikiri kwamba gitaa jeusi si baya. Ni gitaa la mtu mwenye magitaa mawili. Naye kijana alikiri kwamba la kale haliwezi kuendelea na ngurumo ile. Akapendekeza lichongwe mwilini, ipatikane nafasi ya kutia sumaku pacha, ile yenye mizunguko miwili ya waya inayopingana hata ngurumo ikajifuta, ambayo Seth Lover wa Gibson aliibuni mwaka 1955.

"Uzi ukikatika tutanunua mwingine," mzee akajibu. "Chuma cha shingoni kikilika tutapiga tupa. Je, ubao ukichongwa, utaurudisha kwa nini?"

Hapo wakapatana. Walimwita fundi redio wa sokoni, akafungua bamba, akalichomea upya waya wa ardhi uliokuwa umekatika kwa miaka bila mtu kujua, akatandika karatasi ya aluminiamu ndani ya shimo la waya na kuiunganisha na ardhi hiyo. Ngurumo haikwisha, maana sumaku ya mzunguko mmoja haiponi kabisa. Lakini ilipungua hata padri akasikika. Vile vyuma vya shingoni viitwavyo freti, vilivyolika kwa rithimu ya miaka mingi, vilisawazishwa kwa jiwe la kunolea, kimoja kimoja, kijana akisugua na mjomba akitazama. Nyuzi zikateremshwa kutoka milimita tatu hadi mbili juu ya freti ya 12. Mzee aliona ziko chini mno; kijana aliona bado ziko juu. Walipoona hivyo walijua wamefika katikati.

Na kijana hatimaye alinunua gitaa jipya, kwa mkopo wa kikundi. Halikuwa lile jeusi. Lilikuwa jipya la kiwandani, lenye daraja lisilotikisika, skrubu nne na sumaku pacha ambayo tayari imo. Umbo la miaka ya 1950 lililokatwa kwa mashine za karne ya 21. Lilikuja na nyuzi zilizoinuka kupita kiasi na shingo iliyopinda kidogo, kama yajavyo magitaa mengi ya bei nafuu. Mjomba ndiye aliyelifungua, akakaza chuma kilichomo ndani ya shingo robo ya mzunguko, akaliacha lilale usiku kucha, akalitazama tena asubuhi. Lau lile la kale lingekuwa limeuzwa, angejifunzia wapi kijana kwamba shingo husubiriwa?

Mfano huu hausemi kwamba vya kale ni bora. Vya leo vina sifa zake, na ni haki kuzitaja. Mashine zinazoongozwa na kompyuta hukata shingo kwa usawa ambao mkono wa mwaka 1955 uliufikia kwa bahati. Gitaa la bei ndogo la leo hupatana vizuri kuliko la bei ndogo la mwaka 1965. Sumaku pacha ni neema mahali ambapo umeme huyumba na jenereta hukaa hatua tano kutoka jukwaani. Nako Shinyanga, ambako hewa ni kavu miezi mingi kisha mvua hushuka na mbao hufura, shingo yenye chuma kinachokazika pande zote mbili ni afadhali kuliko ile inayokazika upande mmoja. Anayekataa mambo hayo kwa kuwa ni mapya, hana tofauti na yule anayekataa ya kale kwa kuwa yamechakaa.

Lakini wa leo wana deni moja kwa wa kale. Fundi redio wa Fullerton alidhani kwamba chombo chake kitaharibikia mbali naye, mikononi mwa mtu asiyemjua, mwenye bisibisi tu. Dhana hiyo ni heshima kwa mtumiaji, nayo ndiyo sehemu ya ukale inayostahili kuhifadhiwa. Chombo kisichofunguka, hata kikiwa cha jana, humfanya mwenyewe kuwa mgeni nyumbani mwake. Akiharibikiwa hana la kufanya ila kununua kingine au kunyamaza. Mkoani Shinyanga, ambako nyuzi hununuliwa mjini na fundi wa magitaa hana duka, kunyamaza ndiko kulikoua bendi nyingi ndogo, si uhaba wa vipaji.

Basi mwenye gitaa, liwe la babu yake au la dukani, yafaa ajiulize maswali mawili kabla ya kulibadili. La kwanza: kitu hiki huchakaa na kurudishwa, au kikiondoka hakirudi? Nyuzi, freti, mfupa wa kichwani, kimo cha daraja na waya za ndani hurudishwa; hivyo ni vya mkono wa leo, na mkono wa leo una haki ya kuvipanga upendavyo. Ubao, shingo na umbo havirudi. Hivyo ni vya mkono utakaokuja. La pili: je, mabadiliko haya yataufanya ufundi uongezeke nyumbani au uondoke? Kijana ajifunzaye kusawazisha freti moja amepata kitu ambacho hakuna mfanyabiashara awezaye kukibadilisha naye.

Gitaa la kale likikosa mtu wa kulirekebisha ni ubao wenye waya. Gitaa la leo likipata mtu huyo limeanza kuwa na ukoo. Wala umati uchezao hauulizi umri wa chombo. Huuliza tu, wimbo ukikatika kabla ya wakati, kwa nini umekatika. Na mwenye kulijibu swali hilo kwa bisibisi yake mwenyewe ndiye mwenye gitaa.